Bibi Anakwenda Kusalimia, au Kulea?

Mwezi wa 12 ukifika, kila mtu anajua mabasi ya Moshi na Bukoba yatajaa watu wa mjini wanaokwenda kwa bibi na babu. Kuna safari nyingine, ya kinyume chake, ambayo haizungumzwi sana. Mzee yuko Dar es Salaam, Mbagala au Tandika, amezeekea hapo, hana shamba popote. Mwanawe ni mwalimu au muuguzi, amepangiwa kijiji cha wilaya ya Nkasi au Kalambo, mkoani Rukwa, ameoa au ameolewa hukohuko na mjukuu amezaliwa huko. Anayefungasha mzigo sasa ni bibi.

Wanaoipinga safari hii huanza na nauli, lakini kwangu hoja yao nzito ni mwili wa mzee. Dar es Salaam hadi Sumbawanga, kupitia Mbeya na Tunduma, ni zaidi ya kilomita 1,000. Tangu mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, hakuna tena kulala njiani. Kwa kijana hiyo ni nafuu. Mama wa miaka 65 anashuka miguu imevimba, na bado bodaboda inamsubiri. Akienda Juni au Julai anakutana na baridi ya Ufipa, yeye aliyezoea joto la pwani. Na dawa je? Zahanati ya kijiji itampima presha, lakini vidonge alivyoandikiwa Temeke si lazima viwepo. Anayejidunga insulini anahitaji jokofu, na si kila nyumba ya mwalimu inalo.

Tena bibi wa mjini si mtu asiye na shughuli. Ana genge lake, ana kikoba, na ana mume ambaye hajawahi kujikaangia hata yai.

Pamoja na hayo yote, anakwenda, na sababu kubwa ni hesabu ya siku. Likizo ya uzazi ni siku 84. Zikiisha, mwalimu anatakiwa darasani na mtoto wake hajatimiza miezi mitatu. Sheria inampa hadi saa mbili za kunyonyesha kwa siku, lakini saa zinazobaki mtoto anakaa na nani? Dada wa kazi kijijini hapatikani kirahisi, maana wasichana wa huko nao wameshakwenda mjini kufanya kazi hiyohiyo. Basi simu inapigwa: "Mama, njoo umwone mjukuu wako." Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe anapewa siku ya kwanza, nalo ni mtoto mgongoni.

Sioni ubaya katika kulea. Ubaya ni kuita malezi "kusalimia", kwa sababu salamu haina bajeti. Bibi ameaga kwa wiki mbili, Pasaka. Agosti bado yupo. Kila akigusia kurudi anajibiwa, "Subiri mwisho wa mwezi mama, tukukatie tiketi." Mwisho wa mwezi unakuja na mchango wa harusi, au mtoto anaumwa. Na mama gani atamdai mwanawe nauli?

Wengine wanashauri mtoto ndiye apelekwe Dar. Kwa mjukuu wa darasa la pili, likizo ya Desemba, sawa. Kwa wa miezi mitatu, huko ni kumwachisha ziwa, na sikubaliani nako hata kidogo.

Lipo pia jambo ambalo simu hailiwezi. Bibi anamwita mjukuu aliyekwishakua kidogo "mume wangu", anamdai kanga na nyumba ya bati, mtoto anajificha nyuma ya pipa la maji. Siku chache baadaye anamletea kigoda kila akimwona amesimama. Utani wa namna hiyo haupiti kwenye video inayogandaganda. Bibi naye anamsikia mjukuu wa Kizaramo akigombana na wenzake kwa Kifipa safi. Wazee wengine hilo linawauma. Mimi naona mtoto amepata kwao pa pili.

Suala la ukwe ninaliacha kwa kila familia. Kwa baadhi ya makabila ya ukanda wa Ziwa, mama mkwe kulala nyumbani kwa binti aliyeolewa ni mwiko, na vyumba viwili vya nyumba ya mwalimu havisaidii.

Kwa hiyo nasema aende, ila kwa masharti. Aambiwe wazi kwamba anaitwa kulea, na hadi lini. Fedha ya kurudi aishike mwenyewe kabla hajapanda basi. Dawa zibebwe za muda wote, na genge lililofungwa lifidiwe kidogo. Watakaosema kumlipa mama ni aibu waniambie kama kumkopa bila kumwambia ndiyo heshima.

Babu habari yake ni fupi. Yeye hapewi mtoto. Anakaa wiki moja, anachinjiwa kuku, anarudi na kiroba cha maharage. Katika safari hizi zote, aliyekwenda kusalimia kwelikweli ni yeye.