Mnazi wa Denzel Hana Kijiwe

Mnazi wa Yanga timu yake ikifungwa ana pa kwenda kulia. Kuna kijiwe, kuna kahawa na kashata, kuna wenzake kumi wenye sura zilizokunjamana kama yake, na kuna refa wa kumtupia lawama. Mnazi wa Simba hivyo hivyo. Sasa mimi mnazi wa Denzel Washington, mwigizaji wa filamu wa Marekani, niambieni, mtu wangu akinyimwa tuzo nikalie wapi? Siku moja nilikaa kijiweni nikasema, jamani, usiku wa kuamkia leo tumeonewa. Wakaniuliza, "Nani kafunga?"

Nauza vifaa vya ujenzi Tandika. Misumari, nondo, bawaba, makufuli, rangi. Duka si langu, langu ni kusimama. Ndege naziona zikipita juu ya bati. Lakini kuna mtu aliyezaliwa Mount Vernon, New York, Desemba 28, 1954, hanijui wala hatanijua, na huyo ndiye anayenipangia usingizi.

Lawama zote nazipeleka kibanda umiza. Mwaka 2002, kiingilio shilingi mia, benchi lina msumari umechomoza (na misumari mimi naijua, ule ulikuwa wa nchi tatu), magunia dirishani, humo ndani joto la kuivisha ndizi. Kibanda kilikuwa na sheria moja ambayo hata mtoto wa chekechea aliijua: stelingi hafi. Atapigwa, atatumbukia mtoni, atakula risasi ya bega, lakini kufa, hapana. Wanaokufa ni maadui, tena kwa mafungu.

Siku hiyo wakaweka Training Day. Denzel anaingia na koti jeusi la ngozi, mikufu shingoni, gari jeusi linalotambaa chini chini kama paka anayevizia. Kibanda kizima makofi. Stelingi huyo! Baada ya nusu saa makofi yakapungua. Stelingi anadhulumu watu. Stelingi anamlazimisha askari mgeni avute bangi. Mzee mmoja wa benchi la mbele akatamka lisilotamkika: "Jamani, huyu ndiye adui." Zogo! Mimi nikamtetea, nikasema ngojeni, hiyo ni mbinu, anawachunguza maadui kwa ndani. Nikaendelea kumtetea mpaka wakamchakaza kwa risasi katikati ya barabara, akafa kabisa, filamu ikaisha. Watu wakasimama kudai mia zao. Mwenye kibanda akasema kiingilio hakirudi hata stelingi akifa.

Nikajua ukweli baadaye kwenye kipande cha gazeti nilichofungiwa maandazi. Kumbe sisi tunagombea mia zetu, wenzetu Marekani walishampa Oscar ya mwigizaji bora wa kiume tangu Machi 24 mwaka ule ule, kwa kufa kule kule. Gazeti lilikuwa na mafuta, lakini nilisoma yote. Lilisema hiyo ni ya pili. Ya kwanza alipewa mwaka 1990, mwigizaji bora msaidizi, kwa filamu ya Glory.

Nikaitafuta Glory mpaka nikaipata. Ni habari za askari weusi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe kule Marekani. Denzel ni askari mmoja mkorofi, katoroka kambini, karudishwa, kafungwa kwenye gurudumu, anachapwa viboko mbele ya kikosi. Mgongo una makovu ya zamani tayari. Hapigi kelele. Anamtazama tu mkubwa wake, anamtazama, halafu chozi moja linateremka shavuni taratibu. Na kumbe hakuwa ametoroka. Alikwenda kutafuta viatu! Nilirudisha kipande kile mara sita. Nikamwita mama watoto aje aone.

Akaangalia. Akauliza, "Hapo ndipo alipopewa sanamu?"

Nikamwambia ndiyo, chozi lile.

"Chozi moja?"

"Moja."

Akarudi jikoni. "Mimi nakata vitunguu hapa kila siku, hata khanga sijaletewa."

Sasa, jirani ya duka letu kuna fundi baiskeli, mtu wa hesabu nyingi. Yeye ndiye aliyenigundulisha siri. Akasema, hebu panga. Glory, kafa mwishoni, kapewa. Training Day, kafa, kapewa. The Hurricane, yule bondia aliyefungwa bure, mwishoni katoka gerezani mzima wa afya, na tuzo kanyimwa. Kwa hiyo huyu mtu wako, ili apewe, lazima afe. Nikamwambia, je, Malcolm X? Kafa mchana kweupe, mbele ya mkewe na watoto, na mwaka 1993 tuzo akapewa Al Pacino. Na Steve Biko je, ndani ya Cry Freedom? Kafa mikononi mwa makaburu na hakupata kitu. Fundi akafikiri, akakaza spoku, akasema: "Hao walikuwa wamekufa tayari kabla ya filamu. Hawahesabiki."

Mnaona nilivyopotea. Tangu siku ile kila filamu mpya ya Denzel naiangalia kwa nia mbaya. Watu wanamwombea mtu wao apone, mimi namwombea msiba. Flight, ile ya rubani mlevi anayegeuza ndege tumbo juu, nilikaa namwambia anguka, baba, anguka. Akatua! Abiria karibu wote wazima! Nikajua hapo hakuna kitu. Na kweli, mwaka 2013 tuzo ikaenda kwa Daniel Day-Lewis, aliyeigiza rais Lincoln. Lincoln, kama mjuavyo, alikufa. Fundi akanitazama tu.

Halafu kuna suala la saa, ambalo hakuna anayelisemea. Tuzo za Oscar wanatoa Jumapili jioni kule Los Angeles, watu wameoga, wamevaa tai za kipepeo. Kwetu hiyo ni Jumatatu alfajiri. Jumatatu! Siku ambayo mafundi wote wa Temeke wanataka misumari kwa wakati mmoja. Na mwigizaji bora wa kiume hawamtaji mwanzoni, wanamweka mkiani. Kwanza wanataja sauti, mavazi, nywele, filamu fupi za watu tusiowajua, wote wanashukuru mama zao. Wewe uko ndani ya chandarua na simu, bando linateketea kama mshumaa wa shilingi hamsini.

Mwaka 2017 ndio umenizeesha. Filamu ni Fences, Denzel ni mzoa taka wa Pittsburgh mwenye mdomo mrefu, nafasi aliyokwisha kuipatia Tony, tuzo ya maigizo ya jukwaani, mwaka 2010. Na anakufa! Januari waigizaji wenzake walishampa tuzo ya chama chao. Nikamwita fundi, nikaweka dau: chipsi mayai na mishikaki miwili. Fundi akasita, akasema, "Kufa amekufa, lakini hatuoneshwi." Nikamwambia wewe una wivu.

Saa kumi na nusu alfajiri niko macho. Viola Davis, mkewe wa ndani ya filamu, akapewa ya mwigizaji msaidizi. Nikarusha ngumi, chandarua ikashuka. Mke kapewa, mume atakosaje? Baadaye mshereheshaji akaingiza ukumbini watalii waliokuwa kwenye basi lao la matembezi, hawana habari, simu juu. Mwanamama mmoja akasema kipenzi chake ni Denzel. Kumbe yeye na mwenziwe ni wachumba. Denzel akasimama akawafungisha ndoa ya utani pale pale! Nikamwamsha mama watoto. Nikamwambia miaka kumi na mitano nakesha, na mtu kashuka tu kwenye basi kaenda kufungishwa ndoa na Denzel. Akajigeuza. "Na wewe si unapanda basi kila siku?"

Ikabidi kweli nikapande. Saa moja na nusu nimening'inia kwenye daladala la Mbagala, mkono mmoja bomba, mwingine simu, hedifoni sikio moja kwa sababu la pili lilikufa. Wakafika kwenye mwigizaji bora. Jina likatajwa: Casey Affleck, kwa filamu ya Manchester by the Sea. Nikaguna kwa sauti, "Aah, Manchester!"

Konda akageuka, meno yote nje. "Umeona eeh! Tatu mbili! Tumebeba kombe jana pale Wembley!"

Na kweli walibeba, waliifunga Southampton. Abiria watatu wakanipa mkono. Sikuwa na nguvu za kueleza.

Haikuishia hapo. Nikakaza roho nisikie filamu bora. Mama mmoja jukwaani akataja La La Land, na sekunde ile ile bando likakata. Basi nikafika dukani, nimechelewa, nikakuta mwalimu mmoja anasubiri nondo na fundi anasubiri chipsi. Nikasema deni nalikubali, lakini angalau nina habari mpya: La La Land ndiyo filamu bora. Fundi akachungulia simu yake. "Moonlight." Nikacheka. Nimesikia kwa sikio langu! Nikaongeza dau, sahani ya pili na soda. Sasa nani angejua kwamba bahasha ilikuwa si yenyewe, kwamba watu walikwisha kushukuru mama zao jukwaani ndipo wakaambiwa shukeni si nyinyi? Mambo ya namna hiyo hayatokei hata kwenye mchezo wa kibati. Nikalipa sahani mbili. Na kwa usingizi ule mwalimu nikampimia nondo za milimita 10 badala ya 12, akazigundua zimeshafika saiti. Gharama ya gari la kuzirudisha ilitoka mfukoni kwangu, naye mwalimu hajaacha kunikumbusha mpaka leo.

Mwaka 2022 nitaupitia haraka, unauma. Macbeth, filamu ya nyeusi na nyeupe. Mama watoto akaita fundi TV. Lakini humo Denzel anakufa na tunaoneshwa, tena anakatwa kichwa! Fundi baiskeli mwenyewe akaogopa kuweka dau. Alfajiri, saa kumi na moja na nusu hivi, Will Smith akapanda jukwaani akamzaba mchekeshaji Chris Rock kofi. Na nani akaenda kumtuliza Will Smith? Denzel. Kazungumza naye kama mjomba. Muda si mrefu wakatangaza mshindi wa mwigizaji bora: Will Smith. Ni sawa na kwenda kusuluhisha ugomvi wa jirani, ukirudi nyumbani unakuta jirani yule yule keshabeba kuku wako.

(Niseme na hili. Mwaka 2016 walimpa tuzo ya heshima ya Cecil B. DeMille kwenye Golden Globe, kapanda na familia, katoa karatasi ya hotuba, kumbe miwani kaisahau. Anaisogeza, anaitenga, haisomeki. Mimi stakabadhi za dukani nasoma hivyo hivyo. Siku hiyo nilijisikia ndugu yake kabisa.)

Kilichonimaliza ni Gladiator II. Pete, majoho, ufitini wa kifalme, mtu kang'ara kuliko simba wa uwanjani, na mwishoni anafia mtoni. Januari 2025 majina ya Oscar yakatoka, hayumo hata kwenye orodha. Kufa kote kule, hata kuteuliwa! Nikaapa. Mbele ya mama watoto, mbele ya fundi, kwamba mimi na tuzo basi. Mwezi wa tatu akaingia Broadway, kwenye kumbi za maigizo za New York, kuigiza Othello, viti vingine vikauzwa mpaka dola 921. Hizo ni milioni mbili na ushee, unakaa saa chache halafu unanyanyuka, kiti chenyewe unakiacha pale pale. Na tuzo za Tony zilipotaja walioteuliwa, Othello haikutajwa hata mara moja. Mimi kimya. Nalala saa tatu. Nanawiri. Mama watoto akasema hata kukoroma kumepungua.

Basi Mei 20, asubuhi, mwalimu wa nondo anaingia dukani kutaka bawaba. Anasema, "Mtu wako kapewa jana."

Nikamwambia mwalimu, nimeokoka, tusirudishane.

"Kapewa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Palme d'Or ya heshima. Alikwenda kuonesha filamu yake tu na mwongozaji Spike Lee, wakamshtukiza nayo. Hata mwenyewe alikuwa hajui."

Nikapiga hesabu haraka. Jana ni Jumatatu. Jioni ya Ufaransa inaachana na yetu kwa saa moja tu. Yaani ndiyo tuzo pekee iliyopangwa kwa saa za watu wa Mbagala! Umeme ulikuwepo. Bando lilikuwepo, la wiki nzima. Na mimi nilikuwa sebuleni naangalia tamthilia ya Kituruki na mama watoto, rimoti mkononi mwake. Haiwezekani. Nikamwambia mwalimu, kama kweli kapewa, na hakufa, na hakuna aliyejua, nakununulia chipsi mayai na mishikaki.

Akatoa simu.

Fundi akasikia kelele, akaja na spana mkononi, akadai na yeye alikuwa ndani ya dau. Nikanunua sahani tatu, nikaongeza kachumbari ambayo hakuna aliyeiomba. Tukala juu ya mifuko ya saruji, nikawachambulia Malcolm X tangu mwanzo mpaka bawaba za mwalimu zikasahaulika.

Jioni mama watoto akafungua kibubu, akahesabu, akahesabu tena. Akauliza hela ya gesi imekwenda wapi.

Nikamwambia imekwenda Ufaransa.