Kumi kwa Kumi, Sita kwa Sita

Wapenzi wawili wakitafuta nyumba ya kuanza maisha pamoja wanaanzia kwa dalali, na dalali wa Dar es Salaam hana saa. Akikwambia "bosi, dakika tano tu toka lami," hizo ni dakika tano za bodaboda anayekimbia askari. Kwa miguu beba maji ya kunywa. Akisema nyumba "inajitegemea", choo kiko ndani kweli, ila hajasema maji yako wapi. Na kazi ikiisha anataka kodi ya mwezi mzima, mbali na ile hela ya kuwazungusha. Haya, piga hesabu. Chumba, sebule, jiko na choo cha ndani kwa 300,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi 6 mkononi: 1,800,000. Ongeza 300,000 ya dalali. 2,100,000 zimeshaenda na ufagio hamjanunua.

Sasa waangalie hao wapenzi wawili siku wanaoneshwa nyumba. Wanaangalia nini? Rangi ya ukuta! Huyu anasema hapa tutaweka tivii, yule anasema hapa maua. Tepu ya kupimia hakuna aliyebeba. Tepu ya mita 5 ipo duka lolote la vifaa vya ujenzi, bei yake haifiki chipsi kuku, lakini mtu anayekabidhi milioni mbili anapima chumba kwa macho. Mimi naamini nusu ya ugomvi wa mwezi wa kwanza chanzo chake ni hapo. Wazee wa usuluhishi huwa wanauliza nani alianza. Wangeuliza chumba kina futi ngapi.

Vyumba vyetu vingi ni futi 10 kwa 10. Na kila anayeanza maisha ya wawili ameshaambiwa kitanda cha heshima ni sita kwa sita. Sawa. Godoro futi 6, mbao za fremu zinaongeza inchi 3 kila upande, kitanda kimekula futi 6 na nusu. Zimebaki 3 na nusu. Sukuma kabati upande wa pili, kina chake futi 2. Zimebaki futi 1 na nusu, yaani inchi 18. Kabati la milango mitatu lenye upana wa futi 5, kila mlango ni inchi 20. Umeona? Mlango unagonga kitanda kabla haujafunguka. Kuanzia siku hiyo shati linatolewa kwa kupenyeza mkono, kama anayetafuta chenji kwenye mfuko wa kondakta, na linalotoka ndilo utakalovaa. Ukichukua tano kwa sita unaokoa futi nzima, njia inakuwa inchi 30, mlango unafunguka na mtu anapita. Nani anataka kusikia? Tano kwa sita kwa wawili eti ni kitanda cha wanafunzi.

Siku ya kuhama mnaita kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Kirikuu bodi yake kwa upana haifiki futi 5, kwa hiyo godoro lenu la sita kwa sita halilali. Linasimamishwa ubavu na kufungwa kamba, na mtaa mzima unasoma madoa yenu. Lifunikeni turubai, hata kama jua kali. Kitanda kifunguliwe nyumbani kabla gari halijafika, maana dereva akianza kusubiri bei inaanza kutembea. Na kitanda cha fundi wa mtaani, ndugu zangu, kila tundu limetobolewa kivyake. Ubavu wa kushoto hauingii kulia. Chukua chaki, andika kushoto, kulia, juu, chini, na chaga zipe namba. Bolti na nati zitie kwenye mfuko mmoja, mfuko ufungwe kwenye kichwa cha kitanda, sio kwenye mkoba wa mtu. Zikiachwa huru, mbili zitapotea, na usiku wa kwanza mtalala sakafuni mkisikilizana kwa ukimya.

Wale vijana wa kubeba nao. Mkipatana bei, tamka neno "mpaka ndani". Usipolitamka, watashusha kila kitu getini kwa adabu kabisa, halafu: "Kaka, hapa mpaka ndani ni hesabu nyingine."

Tuje kwenye umeme, maana hapa ndipo mapenzi yanapokatwa makato. Mtu anayeishi peke yake, akitumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, anaweza kuwa kundi la matumizi madogo, analipa kama shilingi 122 kwa uniti. Sasa chukua wawili wa namna hiyo, kila mmoja kwake anachoma uniti 60. Kila mmoja 7,320, jumla 14,640. Waunganishe chini ya mita moja: uniti 120. Mmevuka 75, mkiendelea hivyo mnahamishiwa bei ya kawaida, kama 356 kwa uniti. Zidisha mwenyewe. Karibu 42,700! Watu ni walewale, feni ni zilezile, pasi ni zilezile. Kosa lenu ni kupendana.

Na hapo sijagusa kodi ya jengo. Kwa nyumba ya kawaida ni 1,500 kila mwezi, inakatwa unaponunua LUKU. Kodi ni ya mwenye jengo, mkatwaji ni wewe uliyeshika simu. Kudai urudishiwe ni juu yako na uso wako mbele ya mama mwenye nyumba. Ubaya wake inajikusanya. Nyumba ikikaa tupu miezi 4, kuna 6,000 inamsubiri wa kwanza kununua umeme. Wa kwanza kununua ni bwana harusi, saa mbili usiku, amenunua wa 5,000, na ujumbe unaorudi hauna tokeni. Dawa yake: kabla hujamlipa mwenye nyumba pango, piga picha namba ya mita, nunua umeme kidogo palepale, soma makato. Kuna deni? Mwenye nyumba alimalize kwanza. Na muulize mita ni yenu peke yenu au mnachangia na wapangaji wa uani, maana ukichangia utalipia na friji la biashara ya barafu la jirani.

Ndani sasa. Kila mmoja amekuja na maisha kamili. Pasi mbili, jagi mbili, ndoo sita zisizo na mifuniko. Kama kitchen party ilifanyika, ongeza hotpoti seti nne na chupa za chai za kutosha ofisi ya kata. Mitungi ya gesi miwili, nayo ya kampuni tofauti, na regulata ya mtungi huu haikai kwenye ule. Usilazimishe, na usifunge kwa mpira wa baiskeli. Ukibadilisha, paka maji ya sabuni pale regulata inaposhikana na mtungi na kila mwisho wa mpira, fungulia gesi, tazama mapovu. Yakitokea, funga, ikaze au badilisha mpira. Kuna watu wanapima kwa kiberiti. Hao wapangishiwe mbali.

Kitasa badilisha siku ileile. Mpangaji aliyeondoka ana ufunguo, dalali ana ufunguo, shemeji wa mwenye nyumba ana ufunguo. Ng'oa cha zamani uende nacho dukani, usiende na maelezo.

Mapazia yananimaliza. Dirisha linapimwa kwa futi, kitambaa kinauzwa kwa mita. Dirisha la futi 5 linataka kitambaa mara mbili ya upana wake ili pazia lipate mikunjo, futi 10, sawa na mita 3 na kidogo. Hiyo "kidogo" ndiyo watu wanaisahau, wanarudi na mita 3 kamili, kisha wanamlaumu mshonaji. Bomba lake lichomekwe kwa drili. Msumari wa zege kwenye ukuta wa tofali unapinda au unaondoka na plasta, na plasta ni ya mwenye nyumba.

Friji isafirishwe imesimama. Mkiilaza, oili ya kompresa inaingia kwenye mabomba, na ukiiwasha hivyo unaweza kuiua. Isimamishwe, iachwe saa 24 bila kuguswa, kisha ichomekwe kupitia friji gadi kwa sababu umeme wetu unapanda na kushuka. Maelezo mafupi, yanaeleweka. Lakini muda huo ndugu wa mume wameshafika kuwapa hongera, wamekaa juu ya maboksi kwa sababu kochi halijapita mlangoni, wanauliza soda za baridi, na mama mdogo ameshashika waya anatafuta soketi.