Seli zinazotambua mafuta: tuziwekee matumaini kiasi gani dhidi ya saratani?

Kwa muda mrefu wanafunzi wa baiolojia walifundishwa kwamba seli T, moja ya aina za seli za kinga katika damu, hutambua vipande vya protini tu. Mwaka 1994 ikabainika kuwa molekuli iitwayo CD1b inaweza kuzionyesha seli hizo mafuta yatokayo kwenye ukuta wa bakteria wa kifua kikuu. Hapo ndipo mafuta yalipoingia kwenye hesabu za kinga, na haikuchukua muda saratani nayo ikatajwa.

Seli inayobeba matumaini makubwa ni NKT, aina ya seli T ambayo husoma mafuta yaliyoshikwa na CD1d, ndugu wa CD1b. Chukua alfa-galaktosilseramidi, mafuta yenye sukari yaliyotengenezwa kwa kufuata kemikali za sifongo wa baharini. Mikia yake miwili, mmoja wa kaboni 26 na mwingine wa kaboni 18, huzama katika mifuko miwili ya CD1d. Kichwa cha sukari hubaki nje, na hicho ndicho NKT inachokishika. Saa chache baadaye seli imekwisha kumwaga interferoni-gama, protini inayoziamsha seli za kinga, na seli nyingine zinazoua uvimbe zimeamka. Watafiti wa Japani walieleza utambuzi huo mwaka 1997, na kwa panya matokeo yalivutia mno.

Kwa binadamu mambo yakawa magumu. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2002, wagonjwa 24 walidungwa mafuta hayo. Waliyastahimili, lakini uvimbe haukupungua. Kwangu hilo halishangazi. Damu ya watu wengi ina NKT chache sana, mara nyingi chini ya moja kwa kila limfosaiti (seli nyeupe za kinga) 1,000, na ukizichokoza kwa mafuta matupu huzubaa, zisiitikie tena. Isitoshe, NKT hiyohiyo hutoa pia intaleukini-4, protini nyingine ya ishara inayoweza kuvuta kinga upande mwingine. Zipo hata NKT za aina ya pili ambazo, kwa panya, zimeonekana kuulinda uvimbe usishambuliwe na kinga.

Wenye mashaka wana haki basi, ila hoja zao zinaigusa zaidi dawa kuliko seli. CD1d karibu haitofautiani kati ya mtu na mtu, tofauti kabisa na HLA, molekuli zinazozionyesha seli T vipande vya protini. Kwa hiyo NKT za mchangiaji hazitarajiwi kuushambulia mwili wa mgonjwa kama seli T za kawaida zinavyoweza. Mwaka 2020 timu ya Houston iliripoti watoto watatu wenye neuroblastoma, saratani ya neva changa, waliopewa NKT zao wenyewe, zilizoongezewa kipokezi cha kuishika GD2, ambayo nayo ni mafuta yenye sukari juu ya seli za saratani hiyo. Kwa mmoja wao, uvimbe uliosambaa kwenye mifupa ulipungua.

Watoto watatu ni wachache mno kutangazia tiba. Lakini mifupa ya mtoto yule inanitosha kusema fedha za utafiti ziende kwenye seli zenyewe, zikuzwe kwa wingi nje ya mwili, badala ya kurudia sindano za mafuta peke yake.