Jeshi Langu Lilivyoota Vinyweleo

Wanaosema kupaka rangi askari wa mchezo ni starehe ya wenye pesa hawajafika Kitangiri, hapa Mwanza. Jeshi langu zima lilinigharimu chini ya bei ya kilo moja ya sato, na humo nimeshaweka hela ya vanishi. Kilichoniponza ni taa.

Ugonjwa wenyewe aliuleta shemeji, mdogo wake mke wangu, aliyekwenda kusoma Uingereza akarudi Dar na shahada na maboksi. Ndani ya maboksi mna askari wa plastiki wa kimo cha milimita 28 hivi, wenye panga, ngao na nyuso za hasira. Mnawapanga mezani, mnapima hatua zao kwa futi kamba, mnarusha dadu kuamua nani kafa. Katika michezo ya namna hii Warhammer ndiyo maarufu kuliko yote, ilianza 1983 na makao ya kampuni yake yako Nottingham. Askari wanakuja wakiwa vipandevipande kwenye fremu ya plastiki ya kijivu. Unawakata, unawaunga kwa gundi, halafu unawapaka rangi mmojammoja, mpaka mboni ya jicho.

Shemeji aliniachia boksi moja la watu thelathini na kitu, akaniambia akirudi Mwanza tutapigana. "Ila sichezi na jeshi la kijivu, shemeji. Ni aibu."

Nikamwomba anionyeshe bei ya rangi kwenye simu. Kuna rangi zinaitwa Contrast, zilitoka 2019, za kuwarahisishia wanaoanza: unapaka mkono mmoja tu, rangi inateremka yenyewe kwenye mikunjo na kuacha kivuli. Kikopo kina mililita 18. Nilipoigeuza bei yake kuwa shilingi nikamrudishia simu taratibu, isije ikanidondoka.

Lakini akataja na njia ya mkato. Kuna kampuni ya Denmark, The Army Painter, inauza vanishi ya kahawia kwenye kopo. Unampaka askari rangi mbili tatu za kawaida, unamchovya mzima, unamkung'uta, basi. Vanishi inafanya kazi yote ya vivuli. Hapo masikio yalinisimama. Vanishi ya kahawia? Mwanza hii yenye mafundi vitanda kila kona?

Maandalizi yalikuwa hivi. Askari niliwaosha kwa sabuni ya unga, maana plastiki hutoka kiwandani ikiwa na mafuta ya kwenye kalibu na rangi haishiki. Kila mmoja nikamgandisha kwa gundi juu ya kizibo cha soda ili nipate pa kumshika. Andakoti ilikuwa rangi nyeupe ya maji, ya ukutani, niliyoizimua na kuitia gundi nyeupe ya mbao kidogo ing'ang'anie. Bluu ya nguo zao ilitoka kwenye kopo lililobaki baada ya mama mwenye nyumba kupaka kuta za ngazi. Rangi ya fedha ya panga nilichotewa kwenye mfuniko na fundi mageti. Ya ngozi niliikoroga kwa rangi za shule za mtoto, na mtoto mpaka leo ananidai.

Mke wangu alijitolea rangi yake ya kucha inayometameta. Nikajaribu kwenye upanga mmoja ambao haukuwa na andakoti. Baada ya muda upanga ukainama wenyewe ukaangalia chini. Rangi ya kucha ina dawa inayolainisha plastiki ya namna hii, kwa hiyo yule askari alibaki na upanga wa kuchimbia viazi. Tulimwacha hivyohivyo.

Kwa vanishi nilikwenda kwa fundi samani. Akaniuliza, "Ya haraka au ya polepole, braza?" Ya haraka imezimuliwa kwa thina, kabla hujamaliza chai imeshakauka. Ya polepole ni ya mafuta, unaiacha mpaka kesho. Mimi nilikuwa nimekuja na kipande cha fremu mfukoni. Nikakidumbukiza kwenye kifuniko chenye thina. Kikayeyuka, kikaninata kidoleni. Fundi akatazama kidole, akanitazama na mimi. "Kwani unapiga vanishi nini?"

"Wanajeshi."

Akanipimia ya polepole, rangi ya mninga, kwenye chupa ya maji, na hakuuliza tena.

Sasa, hapa naomba niseme ukweli bila unyenyekevu wowote: ile njia inafanya kazi. Kabla ya kuchovya, jeshi langu lilikuwa la kusikitisha. Bluu ilikuwa bapa, nyuso zilikuwa nyeupepeupe, hujui pua iko wapi. Nikamshika wa kwanza kwa plaisi kwenye kizibo, nikamzamisha kichwa chini mpaka kwenye viatu, nikamtoa. Nikamkung'utia nje ya kibaraza, tap, tap, matone ya mninga yakaruka. Halafu nikamsogeza karibu na macho. Vanishi ilikuwa inateleza polepole kutoka kwenye mashavu na kwenda kujikusanya kwenye matundu ya macho, kwenye pindo za nguo, katikati ya pete za minyororo. Uso ukatokea ambao haukuwapo. Alikuwa na makunyanzi! Alikuwa na vidole! Nikamwita mke wangu aje aone. Alikuja, akaona, akasema harufu hiyo na yeye hawalali nyumba moja.

Ndiyo maana jeshi likalala kibarazani, juu ya meza, limepangwa ndani ya trei za mayai, kila mtu na tundu lake. Na ndiyo maana nikawasha taa ya nje. Nilitaka joto likaushe vanishi, na pia niliogopa panya. Balbu yenyewe ilikuwa ya LED, haina joto la kumsumbua hata inzi, lakini nafsi yangu ilitulia.

Saa mbili usiku mama mwenye nyumba akapaza sauti kutoka chini, akaniita mwanangu kwa Kisukuma: "Ng'wanawane! Zima hiyo taa!"

Mita ya LUKU tunachangia. Nikajua anahesabu yuniti zake. "Usijali mama, kesho nanunua umeme mimi!"

"Mimi nakwambia uzime!"

"Nimekusikia mama, wa elfu tano!"

Akanyamaza. Nikaona nimeshinda.

Ningetazama ziwani ningeelewa. Upande wa mwalo wa Kirumba hadi mbali kabisa, maji yalijaa taa za wavuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa sababu hufuata mwanga. Mwezi ukijaa wavuvi wanapumzika. Na kuna vijidudu vya ziwani ambavyo mabuu yake huishi kwenye tope la chini ya maji, vinavyopenda kuibuka sikusiku hizohizo za mwezi mwandamo. Vikipanda kwa wingi unaona wingu la moshi limesimama juu ya ziwa, mpaka mgeni akauliza kuna meli inaungua. Haviumi. Haviishi siku nyingi. Vinachotafuta duniani ni mwenza na taa. Mtu yeyote aliyekulia ufukweni anajua usiku kama huo unafunga madirisha na kuzima taa ya nje. Na mimi nimekulia ufukweni, lakini nilikuwa nafikiria vivuli.

Asubuhi nilifungua mlango nikakuta jeshi jingine.

Chini ya balbu kulikuwa na lundo la kuzoa kwa kizoleo. Juu ya meza, kila mahali palipokuwa na vanishi mbichi palikuwa na mdudu. Vimelala ubavu, vimelala chali, mabawa yamegandamana na ngao. Vile vidume vina papasi zenye vimanyoya, na hizo papasi zilikuwa zimesimama mabegani mwa askari wangu, zinapepea kwa upepo wa ziwa. Yule wa upanga ulioinama alikuwa na nyusi. Jemadari, mshika bendera, ambaye nilimchovya mara mbili kwa heshima ya cheo chake, alikuwa na ndevu mpaka kwenye mkanda. Walifanana na mabeberu waliotoka mnadani.

Mke wangu alicheka hadi akakaa kwenye ngazi.

Kumbe msiba ulikuwa haujaanza. Mama mwenye nyumba anafuga kuku wa kienyeji, na siku za vijidudu huwa anawafagilia lile lundo wajishibie, bure. Kuku wake wameshazoea: asubuhi ya baada ya giza wanapita taa hadi taa, mlango hadi mlango. Nikawasikia wanapanda ngazi. Nilidhani wataishia sakafuni. Lakini kuku akiona mdudu ameshikwa vizuri, hakimbii, tena amepangwa kwenye trei, ataacha kula kwa sababu gani?

Walipanda mezani. Nikaanza kupunga kanga ya mke wangu huku na huku, wakati vanishi bado inanata. Tetea mmoja alidonoa ngao, askari akanasa kwenye mdomo, akatikisa kichwa, askari akaruka na kizibo chake hadi kwa jirani. Trei moja ikapinduka. Jogoo, ambaye siku zote nimemshuku, hakuhangaika na wadogo. Alikwenda moja kwa moja kwa Jemadari, akazibana ndevu, akagundua kwamba ndevu hazitoki na Jemadari haachii, akateremka naye.

Nilimfukuza nikiwa na bukta na ndala moja. Tulizunguka jiwe kubwa lililo uani, maana hapa kwetu nyumba hujengwa pale mawe yaliporuhusu. Tukapita kwenye turubai la dagaa waliotandazwa kukaushwa, mwenye dagaa akaniita jina ambalo sitaliandika. Kizibo kilikuwa kinagonga mawe, ti, ti, ti. Mwishowe jogoo alisimama juu ya tanuru la zamani la mkaa, akajikung'uta kwa nguvu, na Jemadari akaanguka. Mkono wa kulia na bendera yake havikuanguka. Niliona shingo ya jogoo ikimeza.

"Mwangaluka," alinisalimu kwa Kisukuma mama mwenye nyumba, amesimama mlangoni na kikombe cha chai. "Kuku wangu akifa, unanilipa."

"Mama, amekula bendera yangu."

"Nilikwambia uzime taa."

Nilipomweleza fundi samani, aliniambia niwaoshe kwa thina. Nikamkumbusha kidole. Basi nikawaacha wakauke kabisa, siku iliyofuata nikawasugua kwa mswaki mkavu. Miguu na mabawa mengi yalitoka. Miili ilibaki, pamoja na vitu fulani vya kijivukijivu vilivyoganda ndani ya mikunjo, ambavyo ukivitazama kwa jicho la huruma ni manyoya. Nikachukua rangi nyeupe kidogo kwenye brashi, nikaipangusa kwenye gazeti hadi ikaisha karibu yote, nikapitisha brashi hiyo kavu juujuu ya vinyweleo. Ncha zikashika rangi, zikajitokeza. Sikuongeza shilingi hata moja.

Shemeji alikuja na jeshi lake kwenye sanduku lenye sponji. Langu lilikuwa kwenye trei ya mayai. Akamchukua askari mmoja, akamgeuza, akatoa simu akamkuza kwa kamera. Alikaa kimya muda ambao mimi niliuona mrefu.

"Shemeji, haya manyoya umeyapata wapi? Kule wanauza vipakiti vya nyuzi za kubandika, lakini hizi ni nyembamba mno."

"Ziwani."

"Ziwani wapi?"

"Panategemea mwezi."

Tukaanza vita kibarazani. Nakiri sina mbinu, lakini askari wenye vinyweleo walimtisha kidogo, nikafika raundi ya tatu bado nina watu. Mgogoro ukaja kwa Jemadari. Kanuni ya mchezo wetu inasema mshika bendera anawatia moyo wote walio ndani ya inchi 12, wasikimbie. Shemeji akasema bendera haipo. Kwenye mchezo huu kuna desturi kwamba askari anacho kile tu kinachoonekana juu ya mwili wake. Kama huoni bendera, hana bendera.

Nikamwambia bendera ipo, ila imehifadhiwa. Jogoo alikuwa amepanda mkono wa kiti, anatutazama. Nikachukua futi kamba nikapima kutoka kifuani kwake hadi kwa askari wangu wa kushoto: inchi 11. Shemeji akafungua kitabu cha kanuni, akafunua kurasa, akafunua tena, na kwa kweli hakuna palipokataza.

Tulibishana mpaka mama mwenye nyumba akapanda ngazi kuuliza nani anatukanana juu ya kuku wake. Tukamweleza kesi yote, kila mtu kwa zamu, yeye akiwa amemkumbatia jogoo. Alisikiliza vizuri sana. Akamtazama Jemadari asiye na mkono.

"Aliyeliwa na kuku amekufa," akasema. "Mtoeni hapo, chai inapoa."

Shemeji alimwondoa Jemadari kwa vidole viwili, akarusha dadu, na upande wangu wote wa kushoto ukakimbia.