Wanawake wa Lubumbashi waalikwe kwa majina yao

Kila picha ya kongamano la teknolojia ninayotumiwa kutoka Lubumbashi, kwetu Kongo, ni ileile: wanaume wamejaa meza ya mbele, wasichana wawili wako mlangoni wanaandika majina ya wageni. Nikiwauliza waandaaji, ndugu zangu kabisa, wananiita yaya, yaani mkubwa wao, na kunijibu: "Tulitangaza, wanawake hawakuja."

Mimi nakaa Montréal, Kanada. PyCon, mkutano wa watu wanaoandika programu kwa lugha ya kompyuta ya Python, ulifanyika hapa mwaka 2014 na 2015. Mwaka 2011, ulipokuwa Marekani, wanawake walikuwa takribani asilimia 1 tu ya watoa mada; 2014 wakafikia karibu theluthi. Miaka mitatu! Hawakuota akili mpya. Walitafutwa mmoja mmoja na kuambiwa: kazi yako tunaijua, leta mada. Pakawekwa na mahali pa kulelea watoto.

Kwetu nani huenda harusini kwa kusikia tangazo tu? Mtu hutumwa kwako, anapiga hodi, anakuita kwa jina.

Mdogo wangu wa Ruashi, mtaa wa Lubumbashi, anatengeneza programu za hesabu za maduka. Aliitwa kutoa mada saa tisa alasiri. Mheshimiwa wa kufungua akachelewa, shughuli ikaanza saa kumi na moja. Giza likaingia zamu yake haijafika, usafiri wa kurudi Ruashi ni wa wasiwasi, mtoto ananyonya, mama mkwe amekwisha kupiga simu. Akafunga kompyuta akaondoka. Kesho yake wakasema hana bidii. Iliniuma sana.

Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kwa shughuli za kisheria. Marekebisho ya Julai 2016 yaliiondoa, lakini majumbani bado inaombwa. Barua yenye jina lake, saa ya kuanza na saa ya kumaliza, humpa mwanamke kitu cha kuweka mezani anapoaga.

Huku nako si peponi. Mara nyingi ukumbini mweusi ni mimi peke yangu. Ila saa ikitajwa, inafuatwa, na mama mwenye mtoto anaweza kuipanga siku yake.

Kwa hiyo waandaaji, fanyeni Jumamosi, saa tatu asubuhi hadi saa saba. Mlezi wa watoto na teksi za kurudi mitaa ya Katuba, Kenya (ya Lubumbashi, si nchi) na Ruashi nitalipa mimi. Majina ya kuanzia ninayo, nawatumia wiki hii.