Noémia wa Catembe, jirani tusiyemsoma

Watanzania tunapenda kujisifu kwamba Frelimo, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1962. Viongozi wake, Mondlane na Samora, tunawataja kama wajomba zetu. Mtaje mshairi wao Noémia de Sousa sasa, hata mbele ya walimu wa fasihi, uone watakavyokutumbulia macho.

Alizaliwa mwaka 1926 Catembe, ng'ambo ya ghuba, mkabala na jiji ambalo leo ni Maputo. Mashairi yake karibu yote aliyaandika kati ya 1948 na 1951, binti wa miaka ishirini na ushei chini ya utawala wa Wareno. Hayafiki hata 50. Mengine yalitoka katika gazeti la O Brado Africano, mengine yalipita mkono kwa mkono, kisha mwenyewe akaondoka kwenda Lisbon. Kitabu chake, Sangue Negro, yaani Damu Nyeusi, kilichapwa mwaka 2001. Mwaka uliofuata akafariki. Nusu karne ya kungoja jalada!

Mimi nimenaswa na shairi la redio. Usiku wa joto, nyumba ya mbao na bati, marimba zinasikika kwa mbali. Anafungua redio: Robeson na Marian Anderson wanaimba ule wimbo wa watumwa wa Marekani, waache watu wangu waende. Anaketi mezani kuandika na watu wanamjia mmoja mmoja: mama yake mwenye uso uliochoka, nduguye, wanaume wanaoaga kwenda migodini. Yumo pia rafiki Mzungu mwenye macho ya buluu, naye anamshika mkono aandike. Wanaodhani ushairi wa kupinga ubaguzi ni kumtukana Mzungu tu wangeanzia hapa. Hasira yake ilijua inamlenga nani.

Halafu kuna "Magaíça", kuhusu kijana anayechukuliwa na treni kwenda migodi ya Johannesburg. Anarudi na masanduku yaliyojaa vitu vya kung'aa. Ujana na afya yake vimebaki huko, vitametameta kifuani pa bibi fulani katika usiku wa jiji fulani. Mstari huo mmoja unanieleza biashara ya dhahabu kuliko hotuba nyingi nilizowahi kusikia.

Nimejaribu kulitafsiri kwa Kireno changu cha kuokoteza, nikakwama kwenye kichwa chenyewe. Magaíça ni yule aliyerudi kutoka mgodini. Niseme manamba? Manamba wetu ni wa mashamba ya mkonge, hakushuka chini ya ardhi. Kule Mbeya na Tukuyu wapo waliochukuliwa na Wenela, shirika lililokusanya vibarua wa migodi ile ile ya Afrika Kusini, hao ndio ndugu zake hasa. Lakini Wenela ni jina la waliowachukua, na mimi natafuta jina la aliyerudi. Kama unalo, niletee.