Mkojo Ule Haukuwa Wangu

Najua ujumbe wa sauti wa shemeji, ule unaosema nilijikojolea safarini, umeshawafikia. Umepita grupu la familia, la kanisani na la watu wa Mpanda tulioko nje, na jana usiku mama mkwe kanipigia kuniuliza kwa upole kama nimeshawahi kupima kibofu. Kwa hiyo niacheni niseme, tena mapema kabla haujafika kwa wajukuu: suruali ililowa, sikatai. Mkojo haukuwa wangu.

Jumamosi mimi na shemeji tulitoka Wichita alfajiri kwenda Tallgrass Prairie National Preserve, pale juu kidogo ya Strong City, Kansas. Mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari. Ni mbuga ya nyasi ndefu, karibu eka 11,000, na imebaki hivyo kwa sababu vilima vyake vimejaa gumegume, lile lile jiwe la magobori ya babu zetu. Jembe la plau lilishindwa, wakaamua kufuga. Humo wamo baisani, nyati wa Marekani wenye manyoya na nundu; walirudishwa mwaka 2009, wakianza na 13 waliotoka Wind Cave, Dakota Kusini. Njia inayopita katikati yao haina ugumu wowote: barabara ya kokoto, mwinuko wa taratibu, kama kilomita tano mpaka kileleni. Watoto wanapita. Bibi wa fimbo alitupita.

Mimi ndiye niliyekuwa mtaalamu wa safari, hilo shemeji hakudanganya. Mtu nimekulia karibu na Katavi, nyati tunawahesabu kwa mamia, utaniambia nini kuhusu ng'ombe mwenye manyoya? Nikampangia kila kitu. Maji lita tatu kila mtu, maana huko juu hakuna mti hata wa kumfichia kuku. Kofia pana. Soksi zivutwe juu ya pindo la suruali, kwa ajili ya kupe. Suruali yenyewe iwe ya rangi ya mchanga, ili kupe akipanda umwone. Ishikeni hiyo rangi ya mchanga, itanigeuka baadaye.

Ukishapita geti la malisho yao unakuta mashimo ya udongo mtupu katikati ya nyasi, ya duara, mapana kama sebule ndogo, kina chake hakifiki gotini. Ni mahali baisani wanapogaagaa kujipaka vumbi, kupunguza nzi na manyoya yanayonyonyoka. Hayo nilikuwa nayajua. Nilimweleza shemeji nimeweka mikono kiunoni kabisa, kama mwongozaji wa watalii aliyelipwa kwa dola.

Nisichojua ni habari za Agosti.

Saa tano hivi kokoto ikaniingia kiatuni, kiatu cha kulia. Mtu mwingine angekaa kwenye nyasi pembeni ya njia. Mimi nikasema hapana, kwenye nyasi kuna kupe na utitiri, yule mdogo usiyemwona lakini utajikuna wiki nzima. Nikaangaza macho kutafuta mahali pasipo na jani. Nikapaona hatua kumi tu kutoka njiani: pamesafishika, udongo laini, kama nimetandikiwa.

Nikaketi. Nikavua kiatu. Nikakung'uta.

Ubaridi.

Mwanzoni nilifurahi, jua lilikuwa kali. Nikawaza jasho. Kisha nikawaza umande, halafu nikajiuliza, umande saa tano, wiki nzima mvua haijanyesha? Nikashika chupa ya maji: kifuniko kimekaza. Nikapeleka mkono nyuma taratibu, nikaurudisha mbele, nikanusa. Ndugu zangu, nimechunga mbuzi. Nimelala banda moja na beberu. Harufu hii ilikuwa babu yao.

Kumbe kuanzia Julai hadi Agosti ni msimu wa kupandana. Dume anachimba lile shimo kwa kwato, anakojoa humo humo, halafu anajigaragaza mpaka shingoni, na hiyo ndiyo manukato yake ya kuwatambia madume wenzake na kuwavuta majike. Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Nami nilipata umajimaji wangu.

Bado nimeinua vidole puani nikasikia ngurumo. Nzito, ya tumboni, inayotetemesha kifua. Mtu wa Katavi akisikia sauti hiyo anajua: simba. Kansas hakuna simba. Ni dume la baisani msimu huu ndilo linalonguruma hivyo, na lilikuwa limesimama ukingoni mwa kilima likiangalia bafu lake, na mimi nimo.

Kipimo cha umbali wanachofundisha pale hifadhini ni hiki: nyosha mkono, inua kidole gumba, fumba jicho moja. Kidole kikimfunika mnyama wote, uko salama. Nikanyosha. Kidole kilifunika pua. Pembe zilitokeza kushoto, nundu ikatokeza kulia, na mkia... mkia ulikuwa bado unaning'inia ukipunga nzi, ambayo ni dalili njema. Halafu ukasimama. Ukapinda juu kama alama ya kuuliza. Swali lenyewe nililielewa.

Sikukimbia, shemeji, na unajua. Dume hufika kilo 900 na hukimbia kilomita 55 kwa saa. Bolt akiwa Bolt alifika 44. Nilirudi kinyumenyume, kwa upande, bila kumkazia macho na bila kumpa mgongo, kama inavyotakiwa. Kasoro ni kwamba nilikuwa na kiatu kimoja, na gumegume ikivunjika inakuwa kama chupa. Kila hatua nilisema neno ambalo hapa siliandiki.

Dume likaja kwa mwendo wa mwenye nyumba. Likafika shimoni, likanusa nilipokaa, likapandisha mdomo wa juu likionja hewa, nadhani linajiuliza huyu mpinzani mdogo ametokea wapi. Likachimba mara mbili. Likakojoa, kwa muda mrefu ajabu. Kisha likajilaza na kujigaragaza, tani nzima, miguu juu, juu ya kiatu changu cha kulia.

Tulisubiri dakika arobaini, likakataa kuondoka. Kiatu nikakisamehe. Nikashuka na mfuko wa nailoni mguuni, nikikutana na familia nzima nzima zinazopanda, kila mtoto akitazama suruali ya rangi ya mchanga halafu akimtazama mama yake. Garini nikaketi juu ya mfuko wa taka, madirisha manne wazi. Suruali imefuliwa kwa siki mara tatu na bado inalala nje.

Sasa wadau, tumieni akili. Mtu akijikojolea analowa mbele, unateremka mapajani. Mimi nililowa nyuma, duara moja safi, kama mhuri. Picha anazo shemeji, azitoe zote.

Na akitoa picha, atoe na ile video, ila asizime sauti. Aliyekuwa hatua thelathini nyuma yangu, amepiga magoti kwenye nyasi zenye kupe, akitubu kwa sauti, si mimi. Alitubu mengi. Likiwamo hili: yule ng'ombe wa tano wa mahari niliyoitoa kwao, niliyeambiwa kafa njiani kabla ya kufika kwa baba mkwe, hakufa. Aliuzwa Sumbawanga.

Shemeji, nakuja Jumapili. Waite wazee.